Gari jipya lililozeeka kwa kufutwa: uchambuzi wa kisa kimoja cha rangi

Gari lilikuwa jeusi, la miezi mitano tangu linunuliwe likiwa jipya, na kivulini ungesema halina dosari. Mwenyewe, mzee mstaafu, alikuja na lalamiko moja: mng'ao umepotea. Kila akipaka waksi unarudi kwa siku chache, kisha unaondoka tena. Alitaka nimtajie waksi iliyo bora kuliko aliyokuwa nayo. Naandika kisa chake kwa kirefu kwa sababu swali hilo huulizwa na watu wengi wanaopenda magari yao, na jibu lake halikuwa kwenye waksi.

Tulilitoa juani. Boneti, paa na milango vilijaa mikwaruzo myembamba iliyolizunguka jua lililoakisiwa kwenye rangi kama utando wa buibui. Wengi wakiona duara hizo huamini zimechorwa na mkono uliokuwa ukizungusha kitambaa, na hapo hushauriana kufuta kwa mistari iliyonyooka. Mikwaruzo hiyo kwa kweli huenda kila upande. Jicho huiona ile tu iliyoukatiza mwanga, ndiyo maana ukihamisha taa duara nalo linahama. Kufuta kwa mistari hakuzuii mkwaruzo, kunaupanga tu.

"Fundi," aliniambia, "gari hili halijawahi kulala na vumbi."

Sentensi hiyo ilinieleza karibu kila kitu. Nilimwomba anisimulie anavyolitunza, hatua kwa hatua, naye akasimulia kwa fahari aliyostahili kuwa nayo, kwa maana alikuwa na bidii kweli. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa kikavu kabla ya kutoka. Jioni alilifuta tena kwa kitambaa chenye unyevu. Mara moja kwa wiki aliliosha kwa ndoo moja, sponji na sabuni ya unga ya kufulia, akalikausha kwa shati kuukuu la pamba. Waksi alianza kupaka baada ya miezi mitatu, kwa kuwa aliambiwa rangi mpya lazima ipumue kwanza.

Kinachokwaruzwa na kinachokwaruza

Rangi ya gari la kisasa ni matabaka. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, linaloshikishwa kwa umeme bodi ikiwa imezamishwa ndani ya tangi. Inafuata praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa klia, tabaka lisilo na rangi linalobeba mng'ao na viambato vya kupunguza mionzi ya jua inayofika chini. Yote kwa pamoja kwa kawaida yana unene wa maikroni 100 hadi 150 (maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita), na klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wa binadamu una maikroni 70 hivi. Kwa hiyo uzuri wote wa gari unakaa kwenye tabaka jembamba kuliko unywele, na tabaka hilo halikui tena. Kilichoondoka kimeondoka.

Sasa tazama kilicho ndani ya vumbi la barabarani. Mna chembe za kwazi, madini yanayounda sehemu kubwa ya mchanga. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs kwazi ina 7, wakati kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5. Chembe inayoweza kukwaruza kioo haitashindwa na klia, ambayo ni aina ya plastiki iliyokaushwa kwa joto. Lakini chembe hiyo ikikaa tu juu ya boneti haifanyi kitu. Inaweza kukaa wiki nzima na isiache alama yoyote. Madhara huanza pale inapowekewa kitambaa juu yake na mkono ukakandamiza na kuvuta. Mzee wangu alikuwa anapiga gari lake msasa mwembamba sana kila siku, asubuhi na jioni, bila kujua.

Kitambaa chenye unyevu hakikumsaidia. Maji kidogo hayainui vumbi, yanalikusanya tu na kulishikiza kwenye kitambaa. Sponji nayo ina uso tambarare unaozibana chembe kati yake na rangi. Na ndoo moja maana yake ni kwamba uchafu uliotoka kwenye magurudumu na sehemu za chini, pamoja na unga wa chuma wa breki, ulirudishwa juu ya boneti kila sponji ilipochovywa.

Sabuni ya unga ndiyo iliyokamilisha fumbo la waksi. Imetengenezwa kung'oa mafuta ya nguo, na maji yake yana ualkali mkali, pH ya karibu 10. Waksi nyingi za dukani zina mafuta yanayojaza mikwaruzo midogo, na mwanga ukikuta uso uliojazwa hurudi umenyooka, gari likaonekana jipya. Basi mzee alikuwa anaijaza mikwaruzo kwa waksi, kisha kwenye kuosha kunakofuata sabuni inayachukua mafuta hayo na mikwaruzo inarudi machoni. Mng'ao aliouona haukuwahi kuwa wa rangi, ulikuwa wa mafuta. Hata angenunua waksi ya bei kubwa kuliko zote, ingeondoka kwa mlango uleule.

Mambo mengine matatu

Nilivaa mfuko laini wa plastiki mkononi nikaupitisha taratibu juu ya rangi iliyokwisha kuoshwa. Plastiki huzidisha hisia za vidole, na mtu yeyote anaweza kulifanya jaribio hili. Paa na sehemu ya nyuma vilikuwa na chenga zisizoondoka kwa maji. Nyingi huwa ni vipande vidogo vya chuma kutoka kwenye breki za magari, na kwa magari yaliyosafirishwa kwa reli, kutoka kwenye magurudumu na njia ya treni. Hutua yakiwa ya moto au hushika kutu pale pale na kujing'ang'aniza kwenye klia. Gari linaweza kuwa nayo hata kabla mnunuzi hajakabidhiwa funguo. Dawa ya kuyeyusha chuma ilipopuliziwa, upande wa nyuma ukachirizika zambarau. Mzee alishtuka, akidhani rangi inatoka. Ile ni dawa ikikutana na chuma, na harufu yake mbaya ni ya salfa iliyomo ndani.

Kwenye boneti kulikuwa na alama mbili zilizofifia, zenye umbo la matone yaliyotawanyika. Kinyesi cha ndege. Watu husema ni asidi, na ni kweli kina asidi ya yuriki, lakini jua lina sehemu yake. Bati jeusi likikaa juani hupita nyuzi 60 za Selsiasi kwa urahisi. Klia hulainika na kutanuka, kinyesi kinakauka na kuwa kigumu juu yake, na jioni klia inaposinyaa inalazimika kusinyaa ikifuata umbo la kile kilichoigandamana. Ndiyo maana alama hubaki hata baada ya kuosha vizuri: uso wenyewe umebadilika umbo. Kinyesi cha asubuhi kikiondolewa kabla ya saa sita kwa kawaida hakiachi kitu. Cha kushangaza, hapa ndipo mzee alipochelewa, kwa sababu gari lilishinda juani akiwa kwenye shughuli zake, na vumbi la jioni ndilo alilolipa kipaumbele.

Jambo la tatu sikulitarajia. Kipimo cha unene wa rangi kilisoma kati ya maikroni 110 na 130 karibu kila mahali, isipokuwa mlango wa nyuma wa kushoto, uliopita 200. (Mabampa hayakupimwa. Ni ya plastiki, na kipimo cha kawaida kinahitaji chuma au alumini chini ya rangi.) Nilimuuliza kwa upole. Akakubali kwamba aliukwaruza kwenye geti, ukapulizwa rangi upya, na siku ileile aliyoupokea akaupaka waksi ili ufanane na milango mingine. Sasa ulikuwa na ukungu usiofutika.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ushauri wa kungoja umewapotosha wengi. Kiwandani klia huokwa kwenye tanuri kwa joto la takriban nyuzi 140, bodi ikiwa tupu, haina viti, nyaya wala taa. Ikitoka pale imekomaa. Gari likimfikia mnunuzi baada ya wiki au miezi, hakuna kinachongojwa, na kinga inaweza kupakwa siku hiyohiyo. Gereji haiwezi kutumia joto hilo kwa gari lililokwisha kuunganishwa. Inatumia rangi ya aina nyingine, inayokauka kwa hewa au kwa joto la nyuzi 60 hivi, na viyeyushi vyake huendelea kutoka polepole muda mrefu baada ya uso kuonekana mkavu. Rangi hiyo ndiyo inayohitaji kupumua, na watengenezaji wengi hutaja siku 30 hadi 90 kabla ya waksi. Mzee alisubiri miezi mitatu pasipohitaji kusubiri, kisha akaharakisha mahali pekee palipodai subira. Ushauri aliopewa ulikuwa wa kweli, ila uliwekwa kwenye rangi isiyo yake.

Kilichofanyika

Baada ya kuosha na kuyeyusha chuma, nilipitisha udongo wa kusafishia rangi, ule unaokandwa kama unga na kutelezeshwa juu ya maji mengi yenye shampuu, mpaka mfuko wa plastiki ukapita bila kukwama. Udongo huo nao huacha alama ndogo, kwa hiyo haufai kutumiwa kila mwezi wala kwenye rangi ambayo haitafuatiwa na polishi.

Kung'arisha, yaani kusaga klia kidogo mpaka uso ulingane na mikwaruzo iondoke, kulianza na eneo la ukubwa wa kiganja kwenye boneti, kwa polishi laini kuliko zote na pedi laini, kwa mashine inayozunguka na kutikisika kwa pamoja. Mashine ya mzunguko mmoja ina kasi zaidi, lakini hupasha joto na kula klia haraka, hasa kwenye kona na mikunjo ambako rangi huwa nyembamba. Nilipofuta eneo lile kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji, ili mafuta ya polishi yasinidanganye kama waksi ilivyomdanganya mzee, sehemu kubwa ya utando ilikuwa imeondoka. Sikuwa na sababu ya kupanda kwenye polishi kali. Gari zima likafanywa hivyo, isipokuwa ule mlango, na vipimo vikaonyesha kwamba tulipoteza maikroni mbili hivi.

Mbili zinasikika kama si kitu. Kwa klia ya 40, ni sehemu moja ya ishirini ya akiba yote, na gari lina miezi mitano. Likirudishwa katika hali ileile na kung'arishwa kila baada ya miezi michache, klia itachoka likiwa bado jipya kwenye karatasi, na klia iliyochoka hubabuka kwa jua hata kama rangi ya chini ni nzima. Kwa hiyo zile alama mbili za ndege, zilipopungua bila kuisha, niliziacha. Mzee alinisihi niendelee. Nilikataa, kwa sababu kuzifuata mpaka mwisho kungehitaji msasa, na mwishowe angekuwa na boneti isiyo na alama na isiyo na kinga ya kutosha. Bora alama anayoijua yeye peke yake.

Kinga gani

Alikuwa amesikia kwamba seramiki inafanya gari lisikwaruzike. Nilimweleza inavyofanya kazi. Ni kimiminika chenye viambato vya silikoni kinachoshikamana na klia na kukauka kuwa utando mwembamba mno, kwa kawaida wa maikroni moja au chache tu. Maji huteleza, uchafu hushika kwa shida, kemikali nyingi hupata kikwazo, na iliyopakwa vizuri hudumu miaka badala ya wiki. Ile alama ya 9H inayoandikwa kwenye chupa zake inatokana na jaribio la penseli, ambapo 9H ndiyo penseli ngumu kuliko zote za kipimo hicho. Haina uhusiano na ugumu wa madini, na haiondoi ukweli kwamba kwazi ina 7 kwenye kipimo cha Mohs. Mtu anayelifuta gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu ataikwaruza seramiki, na tofauti ni kwamba amekwaruza kitu cha gharama zaidi.

Waksi ya asili ina heshima yake. Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, Copernicia prunifera kwa jina la kisayansi, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Hupa rangi nyeusi kina ambacho nakipenda kuliko cha kitu kingine chochote. Udumu wake, hata hivyo, ni wiki chache, pengine miezi miwili, na hupungua zaidi jua likiwa kali.

Filamu ya plastiki ya polyurethane, yenye unene wa maikroni 150 hadi 200, ndiyo pekee kati ya hizi inayozuia mawe ya barabarani kwa kweli, na zilizo bora huponya mikwaruzo yake midogo zikipata joto. Ningemshauri aiweke mbele kama angekuwa anasafiri masafa marefu nyuma ya malori. Yeye huenda karibu.

Tulichagua kinga ya polima, yaani ya kutengenezwa kiwandani badala ya nta ya asili, inayodumu miezi minne hadi sita na kupakwa kwa mkono. Nilimwambia wazi kwa nini: mpaka mazoea ya kuosha yabadilike, hakuna maana kuweka kitu cha kudumu juu ya rangi itakayokwaruzwa upya. Miezi sita ikipita na rangi ikiwa safi chini ya taa, seramiki itakuwa na msingi.

Kuosha upya

Sehemu hii ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo niliyoiona muhimu kuliko kazi yote ya mashine.

Gari lioshwe kivulini, bati likiwa baridi. Magurudumu yaanze, kwa ndoo na brashi zake ambazo hazigusi kitu kingine. Kisha maji mengi juu ya bodi bila kugusa, povu la shampuu likae dakika chache lilegeze uchafu bila kukauka, na lisuuzwe. Hapo sehemu kubwa ya mchanga imekwisha kuondoka kabla ya mkono kufika. Ndipo iingie glovu ya maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba mno, yenye nyuzi ndefu, ambazo huruhusu chembe kupanda juu na kuachana na rangi. Ndoo mbili, moja ya shampuu yenye pH ya kati, isiyo asidi wala alkali, na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu baada ya kila paneli. Kuanzia paa kushuka, sehemu za chini mwisho, na uzito wa glovu wenyewe unatosha bila kukandamiza. Kukausha ni kwa taulo kubwa ya maikrofaiba inayolazwa juu ya maji na kuvutwa polepole. Maji yasiachwe yakauke yenyewe, maana madini ya kalisi na magnesi yaliyomo hubaki kama madoa meupe, na madoa hayo jua likiyapika huuma klia.

Taulo zifuliwe peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, na iliyoanguka chini isirudi kwenye rangi siku hiyo. Hili la mwisho huonekana dogo, na ndilo wengi hulivunja.

Pale maji yanapokuwa machache kuna shampuu za kuoshea bila kusuuza, ambazo huzunguka chembe na kuzitelezesha. Zinafanya kazi ikiwa taulo zinalowa vizuri na kila upande wa taulo unatumika mara moja tu. Kwa gari lenye matope hazifai.

Kuhusu ndege, nilimpa chupa ya kupulizia maji na taulo akae nazo ndani ya gari: lowesha, funika kwa taulo iliyolowa dakika kadhaa, kisha inua. Usisugue.

Ugumu ulikuja tulipofika kwenye vumbi la asubuhi. "Yaani niliache chafu?" aliuliza, na niliona kwamba linamuumiza. Kwake gari lenye vumbi ni dalili ya uzembe, na amelelewa hivyo. Nilimjibu: "Mzee wangu, vumbi likae mpaka siku ya kuosha. Likikuzidi, limwagie maji bila kuligusa." Alinyamaza, kisha akaomba nimwonyeshe tena boneti chini ya taa, ile ya kabla kwenye picha na ile ya sasa. Picha zilimshawishi zaidi ya maneno yangu.

Mlango tuliuacha bila waksi wala kinga, uoshwe tu kwa shampuu, mpaka muda uliotajwa na mtengenezaji wa ile rangi ya gereji upite. Aliporudi, sehemu ya ukungu ilikuwa imepungua yenyewe, na iliyobaki ilitoka kwa polishi laini. Ulipata kinga sawa na milango mingine.

Siku hiyo alikuja na binti yake, ambaye alikuwa anakaribia kupokea gari jipya na akataka kujua aanzie wapi. Nilimwambia aanze na muuzaji: aombe kwa maandishi gari lisioshwe wala lisipigwe polishi kabla ya makabidhiano, na plastiki za kulikinga safarini zibaki. Uoshaji ule wa haraka wa kupendezesha gari siku ya kulikabidhi mara nyingi ndio mkwaruzo wa kwanza. Alikague juani na aombe lipimwe unene paneli zote, kwa sababu magari mapya nayo huharibika njiani na kupulizwa upya, na kipimo huonyesha. Kama paneli zote zinasoma sawa, alioshe kwa njia hii, ayeyushe chuma, apitishe mfuko wa plastiki, na apake kinga siku hiyohiyo.